Meza ya sentimita 92

BARUA

Mshauri, salaam aleikum.

Mimi ni fundi seremala, nina karakana ndogo hapa Makorora, Tanga. Ninayekuandikia habari zake ni kitindamimba wangu, msichana wa miaka 16, yuko kidato cha pili shule ya kutwa. Alizaliwa na mgongo wazi. Alifanyiwa upasuaji akiwa mchanga, kidonda kikapona, lakini miguu haikupata nguvu, na kuanzia mapajani kwenda chini ukimfinya hajui. Anatumia kiti mwendo. Asubuhi anapelekwa na bajaji ya jirani, jioni kaka yake anamsukuma mpaka nyumbani.

Kichwani yuko vizuri. Baiolojia na Kemia za nadharia anaongoza darasa. Tangu yuko darasa la tano anasema atafanya kazi ya maabara. Alikuwa akilazwa mara kwa mara, akawa anawaona wale wanaochukua damu na baadaye majibu yanarudi kwenye karatasi. Siku moja akaniuliza, "Baba, hayo majibu wanayasoma wapi?" Tangu siku hiyo hakuna kazi nyingine aliyoitaja.

Tatizo ni maabara ya shule. Nilikwenda na futi yangu nikapima. Mlangoni kuna ngazi tatu, kila moja sentimita 15. Mlango ni wa mabawa mawili, ila moja limepigwa komeo siku zote, na hilo linalofunguka linaacha sentimita 62. Kiti chake kina upana wa 64. Kwa hiyo wenzake wanambeba juu juu, kiti kinakunjwa na kuingizwa nyuma yake. Ndani, meza ni za zege, kimo chake sentimita 92, chini zimezibwa kwa makabati. Anakaa ubavu, meza inamfika kifuani. Basi kazi anayopewa ni kuandika matokeo. Miaka miwili hii hajawasha motopoa, ile spiriti nzito ya kupashia vitu moto, wala hajashika testi tyubu kwa mkono wake. Anaandika tu wanayoyaona wengine.

Mwezi uliopita mkuu wa shule aliniita. Ni mtu mwema, sina ugomvi naye. Akasema, "Mzee, mwakani wanagawanywa mikondo. Mpeleke sanaa, kule ni kalamu na daftari. Sayansi ina tindikali, ina moto. Akiungua, nitakujibu nini?" Nikamwambia nitatengeneza meza ya kimo chake, kwa gharama zangu. Akanijibu kwamba samani za shule haziguswi na mtu wa nje. Mwalimu wa Kemia alikuwepo, akanyamaza.

Mke wangu yuko upande wa mkuu. Anasema mtoto anateseka. Vipindi vya maabara ni Jumatano, viwili mfululizo, kuanzia saa 7 mchana hadi karibu saa 9, na siku hiyo tangu anaondoka nyumbani saa 12 asubuhi hali wala hanywi, akirudi hataki kusemeshwa. Mambo ya choo mama yake ndiye anayajua. Shemeji yangu wa Dar naye anasema kuna shule ya bweni huko ina njia za viti, tumpeleke.

Nimeshanunua mbao. Mtiki wa Longuza, mabamba manne, yamelala karakana. Halafu wiki mbili zilizopita binti mwenyewe akaniambia, "Baba, niache. Nitasoma sanaa, nimeshaamua." Hakulia. Angelia ningejua la kufanya.

Nikimpigania, si nitakuwa namlazimisha? Nikimsikiliza, si nitakuwa nimemwacha? Na hata akifaulu, ni nani atakayemwajiri maabara mtu wa kiti?

Fundi, Makorora

JIBU

Wa aleikum salaam, fundi.

Barua yako ina vipimo kuliko barua nyingi zinazofika hapa. Ngazi 15, mlango 62, kiti 64, meza 92. Pamoja na hivyo una mtoto aliyegeuka ghafla, mkuu mwenye hofu, mke aliyechoka kuona mwanawe akiumia, na wewe katikati hujui kama kupenda ni kusukuma au ni kuachia. Kuna sehemu moja tu ambayo hukuweka kipimo: "Mambo ya choo mama yake ndiye anayajua." Naomba tuanzie hapo, ingawa najua ulitaka tuanzie kwenye meza.

Mgongo wazi hauishii miguuni. Mishipa ya fahamu iliyoharibika chini ya uti wa mgongo ndiyo hiyo hiyo inayokiamuru kibofu kukaza na kuachia. Ndiyo maana wengi wenye hali hii hutoa mkojo kwa katheta: mrija mwembamba unaingizwa, mkojo unaisha, mrija unatolewa, na kazi hiyo inarudiwa kila baada ya saa 3 hadi 4. Sasa hesabu Jumatano ya binti yako. Ametoka nyumbani saa 12 asubuhi. Maabara inaanza saa 7 mchana, inaisha karibu saa 9. Hizo ni saa tisa. Katikati ya saa hizo anabebwa na wenzake kupandishwa ngazi tatu, na mtu akibebwa kwa kushikwa mapajani na mgongoni, tumbo linakunjwa na kibofu kinaminywa. Msichana wa miaka 16, mbele ya darasa zima. Akiacha kunywa maji tangu asubuhi, huo ni ujanja wake wa kujilinda, na ni ujanja wa hatari, kwa sababu mkojo mchache uliokaa muda mrefu huzaa maambukizi, na maambukizi yanayojirudia hupanda hadi kwenye figo.

Siwezi kukuambia kwamba ndiyo sababu. Yako mengine yanayoweza kumfanya mtoto aseme "nimeshaamua" bila kulia. Huenda alisikia maneno ya mkuu. Huenda ameziona zile mbao nne karakana, akapiga hesabu ya wateja ambao hujawatengenezea vitu vyao. Huenda miaka miwili ya kuandika matokeo ya wengine imemfanya aamini kwamba sayansi ndiyo hiyo, kuandika walichokiona wenzako, na kwa kweli kazi hiyo hata mimi ningeichoka. Na huenda amependa Historia, basi. Wewe unauza vitanda, unaujua ule msemo wa kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake.

Kinachonipa shaka ni kwamba maswali haya hayajaulizwa na mtu anayeweza kujibiwa. Hatakujibu wewe. Si kwa sababu hakupendi, ni kwamba kwa malezi ya pwani yetu msichana wa umri huo hamwelezi baba yake habari za mkojo. Kama ana shangazi anayempenda, au alichezwa unyago na ana somo wake, yaani kungwi aliyemfunda, mtu huyo ndiye wa kukaa naye. Na asimuulize "kwa nini umeacha sayansi?", maana swali hilo limeshamfanya mtuhumiwa. Aulize siku inavyokwenda: Jumatano unaamka saa ngapi? Mara ya mwisho unamaliza haja wapi? Nani anakubeba, na unapenda akubebe nani? Ukiwa ndani ya maabara unakaa wapi, unaona nini? Kisha anyamaze asikilize.

Kama jibu litakuwa kibofu, kuna jambo la kukutia moyo: ni kizuizi cha bei nafuu kuliko meza. Katika umri wake wasichana wengi wenye mgongo wazi hujifunza kujiwekea katheta wenyewe, mwanzoni kwa kutumia kioo kidogo, baadaye kwa vidole tu. Anayefundisha ni muuguzi. Muulizeni pale anapohudhuria kliniki, na mama yake awepo, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akiifanya kazi hiyo na ndiye atakayetakiwa kuiachia. Hilo nalo lina uzito wake kwa mama, usilipite haraka. Na si lazima shule ijenge choo kipya ndipo aanze. Akiunganisha katheta na mfuko wa mkojo anaweza kuimaliza kazi akiwa amekaa kwenye kiti chake. Anachohitaji ni chumba chenye komeo kwa ndani, ndoo ya maji safi yenye bomba, sabuni, rafu ya kuwekea vitu, na nafasi ya kugeuza kiti, yaani duara la mita 1.5. Stoo ya vifaa vya michezo inatosha. Choo cha kuchuchumaa hakimfai, hata kikiwa kisafi namna gani. Saa 4 wakati wa mapumziko, kisha saa 7 kasorobo kabla ya maabara: mara mbili hizo zinabadilisha Jumatano yote, na maji atakunywa.

Sasa twende kwenye maabara. Mkuu wa shule ana haki ya kuogopa, ila nadhani anaogopa kitu ambacho si chenyewe. Tindikali inamhatarisha kila mwanafunzi. Kwa binti yako yapo mambo matatu ambayo hayawahusu wenzake, na mwalimu akiyajua hofu inageuka kuwa utaratibu.

La kwanza ni mapaja yasiyohisi. Mwenzake akimwagikiwa na maji ya moto anaruka. Yeye hatajua, na kiti hakimruhusu kuruka. Kwa hiyo hakuna chombo cha moto wala cha kemikali kinachowekwa mapajani, hata kwa sekunde moja, hata cha kubebwa kutoka meza hii kwenda ile. Avae aproni ya plastiki nzito inayofunika kutoka kifuani hadi chini ya magoti. Mto wa kiti ufunikwe kwa plastiki wakati wa vitendo tu, kisha plastiki itolewe, kwani ikibaki siku nzima inazuia jasho na ngozi inalainika mpaka inachubuka. Akimwagikiwa, ni maji mengi ya bomba kwa dakika 20, na mto uondolewe mara moja, maana sponji hufyonza asidi na kuikalisha kwenye ngozi. Jioni mama yake amkague mapaja na makalio.

La pili ni uso. Mtu aliyesimama anaitazama testi tyubu kutoka juu, mdomo wake ukiwa mbali. Aliyekaa mbele ya meza ya sentimita 92 ana uso usawa wa mdomo wa testi tyubu, yake na ya jirani yake. Miwani ya usalama kwake ni lazima tangu anapoingia hadi anapotoka, na akae mwisho wa meza ambako jirani ni mmoja tu. Motopoa nayo ina tabia mbaya: mwali wake mchana hauonekani vizuri. Mwanafunzi aliyekaa huupitishia mkono juu akidhani umezimika. Iwekwe upande wa mbali, ndani ya sinia la bati, na azime kwa kuifunika kwa kifuniko, asiipulize.

La tatu halijulikani na wengi: glavu. Watu wenye mgongo wazi wana uwezekano mkubwa kuliko wengine wa kupata mzio wa lateksi, yaani utomvu wa mpira, kwa sababu tangu uchanga wamefanyiwa upasuaji na kuwekewa mirija ya mpira mara nyingi. Huanza kwa kuwashwa na vipele, na kwa wengine hufika kwenye kubanwa pumzi. Glavu zake ziwe za nitraili, zile ambazo mara nyingi ni za bluu. Mirija ya mpira na vizibo vya mpira avishike mwingine. Na muulizeni muuguzi katheta anayotumia imetengenezwa kwa nini.

Kuhusu meza, fundi, hapo nitasema machache maana wewe ndiye mwenye mkono. Usifuate kipimo cha kitabu, mpime yeye. Chini ya ubao paachwe wazi kama sentimita 70 kwa kimo, 90 kwa upana na 50 kwa kina, ili magoti na sehemu za kuwekea mikono za kiti ziingie. Kosa la kawaida la maseremala ni ule ubao wa kusimama unaounganisha miguu ya mbele: unaipa meza nguvu, lakini ndio unaogonga magoti. Upeleke nyuma, na pembeni uimarishe kwa vyuma vya pembe. Juu ya ubao atahitaji ukingo wa sentimita 1 kuzunguka, ili kinachomwagika kibaki mezani kisishuke mapajani. Miguu iwe na matundu ya kupandisha na kushusha, kuanzia 72 hadi 85, kwa kuwa atakua na kiti atabadilisha. Mtiki umechagua vizuri. Tangu zamani meza za maabara zilitengenezwa kwa mtiki na kwa mvule, kwa sababu mbao hizo zinahimili maji na kemikali hafifu. Mafuta yake tu ndiyo hukataa vanishi, hilo unalijua: futa kwa tina kabla ya kupaka, siku hiyo hiyo.

Na bureti, ule mrija mrefu wa kioo wenye alama za kupimia ujazo, ambao ataukuta kidato cha tatu. Bureti ya ml 50 ina urefu wa karibu sentimita 80. Ikiwekwa juu ya meza ya kawaida mdomo wake unazidi mita 1.7, na binti yako macho yake yako kama mita 1.1 kutoka sakafuni. Atasoma akitazama juu, na anayetazama kutoka chini husoma namba kubwa kuliko ujazo halisi. Mwalimu atasema hajui kupima, kumbe ni kimo. Dawa ni kigoda. Wakati wa kujaza, stendi iwe sakafuni kando ya kiti, mdomo wa bureti uwe chini ya macho, asimimine asidi juu ya uso wake. Wakati wa kusoma, stendi ipandishwe kwenye kigoda cha sentimita 20 au 30 mpaka alama iwe sawa na jicho. Chini ya flaski aweke kigae cheupe, rangi ya POP, kile kiashiria cha asidi na besi, ikianza kugeuka aione. Kazi ya kupandisha na kushusha stendi aifanye mwenzake, lakini kwa amri yake: "jaza, simama, pandisha." Msaidizi akianza kuamua yeye, mnarudi kule kule kwenye kuandika matokeo ya wengine.

Mlango ndio rahisi. Komeo la bawa la pili linahitaji mafuta na nusu saa. Ngazi ni habari nyingine. Kanuni ya mteremko wa kiti ni 1 kwa 12, hivyo ngazi zako tatu, jumla sentimita 45, zinataka njia ya mita 5.4, upana usiopungua sentimita 90, na juu mlangoni sehemu tambarare ya mita 1.5 ili kiti kisirudi nyuma anapofungua mlango. Shule nyingi hupungukiwa uwanja zikajenga mita 2 au 3. Mteremko huo ni mkali, kiti hupinduka kinyumenyume, na kinachobaki ni pambo la kupigia picha. Kama uwanja ni mfupi, njia ikunjwe kona katikati. Iwe ya saruji iliyosuguliwa kwa fagio, si mbao. Mbao kwa masika ya Tanga huteleza kama sabuni. Na kingo ziinuliwe sentimita 5 au zaidi gurudumu lisitoke.

Umeambiwa samani za shule haziguswi na mtu wa nje. Nadhani uliomba vibaya, usikasirike. Hukuhitaji kugusa chochote cha shule. Meza inayosimama yenyewe ni mchango wa mzazi: unaandika barua, inapita bodi ya shule, inaingizwa kwenye leja, inakuwa mali ya shule. Katika barua hiyo eleza pia yale mambo matatu ya usalama na jinsi yatakavyosimamiwa, kwa sababu hicho ndicho mkuu anachokiogopa. Nakala mpe afisa elimu wa halmashauri anayeshughulikia elimu maalumu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, namba 9 ya mwaka 2010, iko upande wako, lakini sidhani kwamba ni busara kuanza nayo kwa mtu uliyesema ni mwema. Ibaki mfukoni. Na yule mwalimu wa Kemia aliyenyamaza, mfuate peke yake. Mtu akinyamaza mbele ya mkuu wake huwa na lake moyoni.

Hatari ya njia hii ni kwamba inamfanya binti yako kuwa wa kwanza, na kuwa wa kwanza kunachosha. Mwalimu mmoja akihamishwa, mengi yanarudi nyuma. Karatasi ya vitendo ya kidato cha nne inachukua saa mbili na nusu: anahitaji kujiinua kwenye kiti kila dakika 15 au 20 ili damu ipite makalioni, na anahitaji nafasi ya katheta. Mambo hayo huombwa Baraza la Mitihani kupitia shule, mapema, wakati wa usajili, pamoja na maelezo ya daktari. Yakiachwa hadi wiki ya mtihani, msimamizi hana la kufanya.

Bweni la shemeji sitalipuuza. Njia ya kiti kuwepo ni jambo jema, ila haikuambii kimo cha meza za maabara, wala choo, wala nani atamgeuza usiku ngozi isioze. Mkienda, nenda na futi yako na umchukue yeye. Mwulizeni mwanafunzi wa kiti aliyepo, kama yupo, amewahi kushika bureti? Hapo hapo kumbuka kwamba kidato cha tano na sita kwa sehemu kubwa ni bweni, popote atakapopangiwa. Swali la kuondoka nyumbani litakuja baada ya miaka miwili na ushei hata mkilikataa leo. Akijifunza katheta sasa, atakuwa na kitu cha kwenda nacho.

Na sanaa? Kama baada ya kuzungumza na shangazi yake bado anaitaka, hiyo ni njia kamili, na utakuwa umemsikiliza, hujamwacha. Ninachotaka mkijue wote wawili ni kwamba milango hii miwili haifungi kwa namna moja. Akiendelea na Fizikia na Kemia, Kiswahili, Kiingereza na masomo ya jamii anayoruhusiwa kuyabeba yanabaki mkononi, na anaweza kugeuka baadaye. Akiziacha Fizikia na Kemia, vyuo vya maabara na famasia vitamuuliza alama zake za Kemia na hatakuwa nazo. Ulizeni shule kama anaweza kuanza kidato cha tatu na sayansi na kuamua baada ya muhula wa kwanza, akiwa ameshika vifaa mwenyewe angalau mara kadhaa. Hivi sasa anaombwa kukataa kitu ambacho bado hajakionja.

Ajira nimeiacha mwisho kwa sababu ndiyo iliyo mbali. Sheria hiyo ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na zaidi awe na watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Kwenye karatasi imo, kwenye ofisi nyingi bado. Lakini tazama kazi yenyewe. Hapo Muheza, kituo cha Amani cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu kinachunguza mbu na vimelea, na anayehesabu vimelea kwenye hadubini anahesabu akiwa amekaa, mwenye miguu na asiye nayo. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Mlingano wanapima udongo. Zipo sehemu ngumu: kuzunguka wodini kuchukua damu, majokofu marefu, kwenda porini kutega mbu. Zipo pia kazi za takwimu na za usimamizi wa ubora ambazo hazina ngazi. Geerat Vermeij, aliyezaliwa Uholanzi mwaka 1946 na kupofuka akiwa mdogo sana, amekuwa profesa huko California kwa kusoma makombe ya baharini kwa vidole vyake. Makombe, fundi, kama yale ya Raskazone. Sikwambii binti yako atakuwa profesa. Nakwambia tu kwamba yeye aliuliza majibu yanasomwa wapi, na mahali hapo kwa kawaida pana kiti.

Mbao usizikate bado. Zungumzeni na shangazi kwanza, kisha kliniki, kisha barua ya bodi. Ikifika siku ya kupima, mpime akiwa amekaa juu ya mto anaoutumia kila siku na viatu vyake miguuni, kutoka sakafuni hadi sehemu ya juu kabisa ya paja, ongeza sentimita 5. Hapo ndipo upande wa chini wa ubao unapoanzia.